Kuumwa, Kujisikia na Kukandwa: Lugha ya Mwili na Tiba Asilia katika Kiswahili cha Musoma, Bunda na Butiama

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinachozungumzwa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kinavyousemea mwili wa binadamu unapougua na unapotibiwa kwa mikono na kwa miti-shamba. Tiba asilia imeshughulikiwa kwa kina na wanahistoria na wanaanthropolojia. Janzen (1992) aliichambua ngoma kama taasisi ya uganga katika eneo pana la Kibantu, naye Langwick (2011) aliandika juu ya waganga wa kusini mwa Tanzania na namna maradhi yanavyopewa umbo katika mikono yao. Kwa upande wa wanaisimu wa Kiswahili, juhudi kubwa imeelekezwa kwenye uundaji wa istilahi, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003 ni tunda la juhudi hiyo. Hatuna nia ya kuibeza kazi hiyo. Ila istilahi kwa kawaida ni nomino, ilhali mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la zahanati hujieleza kwa vitenzi. Anasema anaumwa, kichwa kinamgonga, mwili umekuwa mzito, hajisikii. Vitenzi hivyo ndivyo tutakavyovitazama hapa. Tutajaribu kuonyesha kwamba sarufi yake ina uzito katika maisha ya watu, wakati mwingine hata katika mauti yao.

2.0 Mahali na lugha zake

Ni sehemu chache nchini Tanzania zenye msongamano wa lugha kama ukanda huu wa mashariki ya Ziwa Viktoria. Katika mji wa Musoma na viunga vyake husikika Kikwaya, Kiruri, Kijita, Kikuria na Kijaluo. Butiama, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2012, ni nchi ya Wazanaki, na ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Bunda wanakutana Waikizu, Wajita na Wasukuma, kwani wilaya hiyo inapakana na Usukuma. Kiswahili kiliingia huku kama lugha ya shule, kanisa, mahakama na soko. Kwa wazee wengi kimebaki lugha ya pili, inayobeba ndani yake mawazo ya lugha ya nyumbani.

Jambo hili linaonekana wazi katika msamiati wa tiba. Katika Kijaluo, neno moja tu, yath, lina maana ya mti na ya dawa. Msukuma ana nfumu, yaani mganga, na bugota, yaani dawa. Shina la -fumu linajitokeza pia ng'ambo ya ziwa katika Kihaya omufumu. Kiswahili chenyewe kimezitenganisha dhana hizi. Mti ni neno la Kibantu. Dawa na tiba yametoka Uarabuni. Hata hivyo, utengano huo haukukamilika, maana Mtanzania hasemi kwamba anatumia mimea. Anasema anatumia miti-shamba, na kwa kusema hivyo anaurudisha mti mahali pale pale ambapo Mjaluo hakuuondoa.

3.0 Mganga, kuganga na uzima

Neno mganga linastahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa limebeba kazi mbili zinazodhaniwa kuwa maadui. Daktari mkuu wa nchi huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kila mkoa, Mara ukiwamo, una Mganga Mkuu wa Mkoa, na kila zahanati ina mganga mfawidhi. Mwenye mkoba wa mizizi sokoni naye ni mganga, ingawa huongezewa kivumishi: wa jadi, wa kienyeji, wa tiba asilia. Ni yeye pekee anayelazimika kufafanuliwa. Tena vivumishi hivyo havina uzito sawa. "Wa kienyeji" kina harufu ya dharau iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, wakati "wa jadi" kina heshima ya ukoo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ilipounda Baraza la kuwasajili waganga hawa, ilichagua "asili", neno lisiloudhi mtu.

Kitenzi kuganga kina maana pana kuliko kutibu. Johnson (1939) anatoa kwanza maana ya kufunga na kuunganisha kitu kilichovunjika au kupasuka, kisha ndipo anafika kwenye kumtibu mtu. Ukiliweka hili karibu na neno uzima, maana inakamilika. Afya tumeipokea kutoka Kiarabu, na leo imekuwa neno la wizara, bima na mabango ya ukutani. Uzima ni wetu wa tangu kale, na mzizi wake -zima ni ule ule wa mkate mzima, siku nzima na mtu mzima. Aliye mzima hajapungukiwa wala hajapasuka. Kwa hiyo mganga, kwa maana ya shina lake, ni mtu anayekifunga kilichopasuka ili kirudie ukamilifu wake. Wale wanaofasiri vitabu vya kigeni kuhusu kuurudia mwili, na kuhangaika kutafuta istilahi mpya, wangefaa waanzie kwenye jozi hii ya maneno kabla ya kubuni jingine.

4.0 Mwili unaosikika

Katika Kiswahili, hisi nyingi za mwili huingia kwa mlango wa sikio. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Akiwa na hali nzuri anajisikia vizuri, na akiwa na hali mbaya husema kwa mkato, "Sijisikii." Kirejeshi -ji- hapa hakimaanishi kwamba mtu anatenda jambo juu yake mwenyewe kama anavyojiosha au anavyojipaka mafuta. Kinaonyesha kuwa mtu ni msikilizaji wa mwili wake, na ugonjwa unakuja kama kukatika kwa mawasiliano hayo. Kijaluo kina mpangilio huo huo: winjo ni kusikia kwa sikio na pia kuhisi hali ya mwili. Mjaluo wa Musoma anapohamia Kiswahili hana la kujifunza upya katika jambo hili.

Ajabu nyingine ni nafasi ya kiungo katika sentensi. Tunasema kichwa kinaniuma, ngozi inaniwasha, moyo unanienda mbio, miguu inaniwaka moto. Kiungo ndicho kiima. Mwenye mwili amesukumwa hadi nafasi ya mtendwa na kubaki kiambishi kimoja kidogo, -ni-. Hospitalini sentensi hupinduliwa. Karani huandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya kichwa, na hapo mgonjwa amefanywa mmiliki wa maumivu, mtu anayeyabeba kama mzigo unaoweza kupimwa. Tafsiri hiyo si kosa. Lakini kitu fulani hupotea humo, nacho ni ile hali ya kuwa mwili umegeuka mwenzi anayekusumbua, ambaye unaweza kumtuliza, kumsihi na kupatana naye.

Katika bara la Tanzania kauli iliyoenea zaidi ni "naumwa". Watu wa pwani wa zamani walisema "siwezi", na mpaka leo mzee wa Unguja anaweza kukujibu hivyo. Kauli hizi mbili zinatofautiana sana. "Siwezi" inataja upungufu wa nguvu na kuishia hapo. "Naumwa" ni kauli ya kutendwa ya kitenzi -uma, kile kile cha mbwa na nyoka, na kila kauli ya kutendwa huacha nafasi wazi kwa ajili ya mtenda. Ninaumwa, lakini na nini? Kwa kawaida nafasi hiyo haijazwi, au hujazwa na jina la ugonjwa: naumwa malaria. Tuikumbuke nafasi hii, maana tutairudia katika sehemu ya mwisho.

5.0 Vitenzi vya mikono

Msamiati wa tiba ya mikono katika Kiswahili ni tajiri kiasi cha kushangaza, na sehemu kubwa yake imetoka jikoni na katika ufundi wa nyumbani. Kukanda ni kazi ya unga na ni kazi ya mgongo. Kuunga hutumika kwa mifupa, kwa kamba na kwa mchuzi. Kunyoosha hutumika kwa nguo na kwa mguu uliotenguka. Kuchua kumebaki kwa mwili pekee, na limepata maisha mapya madukani, ambako "dawa ya kuchua" huuzwa ndani ya vichupa. Yako pia kuumika, yaani kuvuta damu kwa pembe, ambako wengi huita kupiga chuku, na kuchanja chale. Kitenzi kuchanja kimevuka mpaka kabisa: leo mtoto "anachanjwa" dhidi ya surua, na hakuna anayeshangaa kwamba sindano ya zahanati imerithi jina la wembe wa mganga.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa utulivu ni kumkanda mzazi. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, aghalabu na mama yake, mama mkwe au bibi, siku baada ya siku. Wauguzi huonya, na wana haki, kwamba maji yanayounguza yanaweza kumjeruhi mzazi aliye na vidonda. Hata hivyo, tukitazama sarufi ya tendo lenyewe tunaona jambo ambalo onyo halilitaji. Mzazi hakandi, anakandwa. Na mtenda katika sentensi hii anajulikana, ana jina na ana undugu. Kwa muda huo mwanamke aliyekuwa akichota maji na kulima amewekwa katika kauli ya kutendwa kwa hiari yake, na ni jamaa wanaoubeba mwili wake. Mtaalamu wa afya anayekataza maji ya moto bila kuacha nafasi ya mikono ile amekataza zaidi ya alivyokusudia.

Kufukiza kuna historia tofauti. Kitenzi -fuka (kutoa moshi au mvuke) kimezaa -fukiza, na kwa desturi mgonjwa alifukizwa: alifunikwa shuka mbele ya chungu cha majani yanayochemka, chini ya uangalizi wa mtu mwingine. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, viongozi wa nchi walipohimiza mvuke wa majani, neno lililotawala redioni na mitaani lilikuwa kujifukiza, pamoja na kupiga nyungu. Kirejeshi kilimwondoa mfukizaji. Kila mtu akawa mganga wake mwenyewe, peke yake chini ya blanketi, na wako waliounguzwa. Mvuke haukuthibitishwa kitaalamu kuwa unaiponya korona. Kiisimu tunachokiona ni kwamba tiba ya watu wawili iligeuzwa kuwa ya mtu mmoja kwa badiliko la viambishi tu, na maarifa ya mzee aliyejua ni lini shuka lifunuliwe hayakuwa na pa kukaa katika sentensi mpya.

6.0 Majina ya mimea

Kuhusu mimea tutasema kwa ufupi. Muarobaini (Azadirachta indica) asili yake ni Bara Hindi, na jina lake linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Shubiri ni neno la Kiarabu. Mkwaju, mlonge na mnyonyo hujulikana karibu kila mahali. Tatizo la mtafiti ni kwamba jina moja huweza kutaja mimea miwili katika vijiji viwili jirani, na mmea mmoja ukawa na majina matano kati ya Musoma na Bunda. Bila jina la kisayansi, mazungumzo ya dozi na sumu hayawezekani. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili, kililiona hili mapema.

Tena jina husafiri haraka kuliko mmea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Mti uliotumika, Carissa spinarum, ulikuwa na jina pwani, mtandamboo, lakini ni mugariga, jina la huko huko Loliondo, lililoenea nchi nzima kwa majuma machache. Iliripotiwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa UKIMWI waliacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa.

Miti ya Mara haihesabiwi kwa kemia peke yake. Butiama pana msitu mdogo wa Muhunda, wenye jina la mzimu ambao Wazanaki wanauhesabu kuwa mlinzi wao. Mti unaoota hapo haukatwi ovyo, na kwa mtazamo wa mwandishi huyu, ulinzi wa namna hiyo umehifadhi mizizi mingi kuliko matangazo ya ofisini.

7.0 Nani anayeuma?

Sasa turudi kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi na "naumwa". Hospitali huijaza kwa vimelea. Mkandaji na mtoa miti-shamba kwa kawaida hawaijazi kabisa. Wanashughulika na mgongo, tumbo, homa. Mpiga ramli anaweza kuijaza kwa jirani. Hapo ndipo "na nini?" inapogeuka "na nani?". Katika Usukuma, wanawake vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho yao mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi, ingawa wekundu huo ulitokana mara nyingi na moshi wa jikoni. Mwili uliochoshwa na kuwapikia wengine ulisomwa kama mwili unaowauma wengine. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuweza kulikomesha jambo hili, na Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Haingekuwa sahihi kudai kwamba sarufi ndiyo iliyoua. Mamilioni ya watu husema "naumwa" kila siku na hawamtuhumu yeyote. Lakini jina la ugonjwa linaweza kuamua njia atakayopita mgonjwa, na mfano wa degedege unatosha. Utafiti uliofanywa katika sehemu mbalimbali za Tanzania umeonyesha kwamba wazazi wengi hawakulihusisha neno hilo na malaria. Mtoto mwenye homa alipelekwa zahanati, ila yule aliyeanza kukakamaa na kutikisika alipelekwa kwanza kwa mganga, pengine kwa hofu kwamba sindano ingemuua. Kamusi ikieleza kwamba degedege ni mtukutiko wa mwili wa mtoto, imesema kweli lakini haijamsaidia mtu. Kidahizo kingepaswa kusema kwamba mtukutiko huo mara nyingi husababishwa na homa kali, malaria ikiwa mojawapo ya vyanzo, na kueleza jinsi jamii inavyolitumia neno hilo. Vivyo hivyo kwa mganga: maadamu mkunga wa jadi, mkandaji, mtoa miti-shamba na mpiga ramli wanaingizwa wote katika neno moja, marufuku ya mmoja itawagonga wanne, na bibi wa Butiama anayejua kuchua mguu uliotenguka atauficha ujuzi wake asije akahesabiwa pamoja na mchonganishi. Kiswahili kinayo majina ya kuwatenganisha. Yanasikika kila siku katika soko la Bunda, na yanasubiri kuorodheshwa.