MAGAGA YA MIGUU: JINSI YA KUYAZUIA NA KUYATUNZA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili lafaa kwa nyumba, na lafaa vile vile kwa mguu wa mtu. Wengi wetu huyadhani magaga ya visigino kuwa ni aibu tu ya kufichwa ndani ya viatu. Lakini ufa uliofika nyamani ni mlango wazi, na vijidudu vya ugonjwa havibishi hodi.

Magaga hutokeaje? Ngozi ya unyayo haitoi mafuta kama ngozi nyingine ya mwili. Hutoa jasho tu. Basi wakati wa kiangazi hukauka upesi. Kwenda miguu mitupu, kuvaa viatu vilivyo wazi nyuma, na kusimama kutwa huifanya iwe nene na ngumu. Mtu akanyagapo, kisigino hutanuka. Ngozi kavu isiyonyumbuka hupasuka.

Kila jioni fanya hivi:

1. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika 10 hadi 20.
2. Sugua ngozi ngumu polepole kwa jiwe la kusugulia miguu. Usiikate kwa wembe.
3. Kausha kwa kitambaa safi, hasa katikati ya vidole.
4. Papo hapo paka visigino mafuta mazito, kisha lala na soksi safi za pamba. Usipake katikati ya vidole.

Ufa utokao damu usisuguliwe. Uoshwe kwa maji na sabuni, ufunikwe kwa kitambaa safi. Usitie udongo wala samadi, kwani humo hukaa vijidudu vya pepopunda, ugonjwa uuao. Chanjo yake ipo. Kila mtu aipate.

Mwenye kisukari asiloweke wala kusugua miguu yake, maana huenda imepungukiwa na hisia, akaungua au kuumia bila kujua. Yeye aitazame kila siku. Akiona ufa, na mtu yeyote akiona uvimbe, joto au usaha, aende zahanati siku ile ile.

Magaga yakipona, usiache mafuta, na uvae viatu vilivyofunika kisigino. Kupaka mafuta kila usiku ni kazi ndogo kuliko kulala majuma kitandani huku shamba likingoja.