Kiingereza: «look after» ao «look for»?

Tuseme uko Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mama mumoja anakuambia: «Please look after my child.» Ukifikiri «after» ni nyuma tu, utaangalia nyuma, na mutoto atapotea! «Look after» ni kuchunga. Akipotea, hapo ndipo «look for», kutafuta. Darasani tunasikiaka wengi wanachanganya, juu Kifaransa kina maneno mawili mbalimbali, «garder» na «chercher», lakini Kiingereza kinashika «look» moja na kubadilisha mukia tu. Basi tusitafsiri kipande kwa kipande. Tushike yote mawili sawa neno moja. «Look at» haina nguvu: ni kuangalia. Na polisi akisema «We will look into it», atachunguza namna mambo yalivyopita. Mutoto, ujitafutie kwanza.