Kupima Ubora wa Sauti katika Simu za Intaneti

Simu ya intaneti hukata sauti katika vipande vidogo, ambavyo kwa kawaida huwa 50 kwa kila sekunde, kisha huviunganisha kwa msikilizaji. Ubora wake hutegemea mambo matatu.

Kwanza ni ucheleweshaji. Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) hupendekeza sauti imfikie msikilizaji ndani ya milisekunde 150. Ikichelewa mno, wazungumzaji hukatizana kauli. Pili ni mtikisiko, yaani vipande kufika kwa nafasi zisizo sawa. Tatu ni upotevu wa vipande njiani.

Kipimo cha jumla ni alama kuanzia 1, yaani mbaya, hadi 5, yaani bora sana. Alama hiyo ni wastani wa maoni ya wasikilizaji, ingawa siku hizi programu pia huweza kuikadiria.

Hata hivyo, wastani mzuri hauhakikishi kwamba kila neno limefika. Mazungumzo ya dakika mbili yana vipande 6,000. Vikipotea 12 tu mfululizo, hasara ni asilimia 0.2, lakini ni karibu robo ya sekunde. Muda huo unatosha kumeza silabi mbili, na agizo "usimpe dawa" likasikika "mpe dawa".

Kwa hiyo, mwananchi anayepokea maelekezo ya matibabu kwa simu ya namna hii ayarudie kwa sauti, na asitekeleze lolote kabla mtoa huduma hajathibitisha.