Ugonjwa Usioonekana kwa Vipimo na Haki Yako ya Mafao ya Ulemavu Marekani

Ndugu zetu wengi walioko Marekani, waliopokelewa kama wakimbizi kutoka Kongo au waliohamia kutoka Kenya na Tanzania, wanakula kwa kazi za kusimama kutwa: viwanda vya nyama, maghala, usafi wa hoteli, kuwahudumia wazee majumbani. Mwili ukigoma, mshahara nao umekatika. Aliyepooza kwa kiharusi ana picha ya kuonyesha. Mwenye fibromialjia, au ugonjwa wa uchovu sugu unaoitwa kwa kifupi ME/CFS, au Covid iliyokataa kuondoka, mara nyingi hana. Damu inapimwa, inaonekana safi. Jamaa wananong'ona kwamba ni uvivu. Daktari mmoja anasema ni mawazo, mwingine anampa vidonge vya maumivu na miadi ya baada ya miezi mitatu.

Je, mtu kama huyu anaweza kupata mafao ya ulemavu? Anaweza, na sheria iko upande wake kuliko wengi wanavyodhani. Social Security, mamlaka ya serikali kuu inayolipa mafao hayo, ilitoa mwaka 2012 mwongozo SSR 12-2p unaoeleza jinsi ya kupima maombi ya wenye fibromialjia. Mwaka 2014 ukafuata SSR 14-1p kwa wenye ME/CFS. Afisa anayesoma ombi lako haruhusiwi kulitupa kwa sababu tu yeye binafsi haamini kwamba ugonjwa huo upo. Kinachobaki kubishaniwa ni wewe unazuiwa kufanya nini, na hilo limeandikwa wapi.

Mafao ni ya aina mbili

Aina ya kwanza ni SSDI, bima ya ulemavu inayotokana na makato ya mshahara wako. Kwa kawaida unatakiwa uwe umefanya kazi na kukatwa kwa jumla ya miaka mitano ndani ya miaka kumi ya mwisho; vijana huhitaji muda mfupi zaidi. Angalia hapa: ukiacha kazi, bima hiyo haidumu milele. Kwa wengi huisha yapata miaka mitano baadaye, na ni lazima uthibitishe kwamba ulilemaa kabla haijaisha. Wapo waliokaa nyumbani miaka saba wakingoja kupona, wakaja kuomba na kukuta mlango umefungwa.

Aina ya pili ni SSI, kwa mwenye kipato kidogo na mali chache, hata kama hakuwahi kukatwa mshahara. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Akiba isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa wanandoa. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Mkimbizi anaweza kupata SSI, lakini kwa kikomo cha miaka 7, isipokuwa apate uraia au atimize masharti mengine ya sheria. Kwa hiyo anayeugua asiuweke uraia kando akisubiri kupona kwanza.

Mlemavu ni nani kisheria

Sheria inataka uwe na maradhi yaliyothibitishwa kitabibu, yaliyodumu au yanayotarajiwa kudumu angalau miezi 12, na yanayokuzuia kufanya kazi ya maana ya kujipatia riziki. Kazi ya maana hupimwa kwa kipato: mwaka 2025 mpaka ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa asiye kipofu. Kiwango hiki hubadilika kila mwaka, uliza cha mwaka huu kabla hujakubali zamu za ziada.

Social Security ina orodha yake ya magonjwa mazito ambayo anayetimiza masharti yake hupita moja kwa moja. Fibromialjia na ME/CFS hazimo. Ndiyo maana maombi mengi ya aina hii huamuliwa kwa maswali mawili ya mwisho. Unaweza kurudia kazi yoyote uliyofanya katika miaka mitano iliyopita? Kama huwezi, ipo kazi nyingine yoyote nchini unayoweza kuifanya, hata ya kukaa kitini? Kipimo ni kazi ya saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Kuweza kufagia sebule Jumamosi moja hakujibu swali hilo.

Umri unasaidia, kwani kuanzia miaka 50 kanuni hulegea kidogo. Kutojua Kiingereza hakusaidii tena: tangu Aprili 2020 hakuhesabiwi katika kuamua kama unaweza kupata kazi nyingine. Usijenge ombi lako juu ya hoja hiyo.

Daktari aandike nini

Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Kwa ME/CFS, mwongozo wa 2014 unataka dalili ambazo daktari mwenyewe ameziona na kuziandika kwa kipindi cha angalau miezi sita mfululizo: tezi za limfu zilizovimba au zinazouma zikiguswa, koo lenye wekundu, misuli inayouma kila ikibonyezwa. Vipimo vya maabara navyo vinakubaliwa, kwa mfano kile cha kulazwa juu ya meza inayoinuliwa ili kuona mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinavyobadilika. Kwa fibromialjia njia ni mbili. Ya kwanza ni maumivu ya mwili mzima pamoja na angalau sehemu 11 kati ya 18 zinazouma zikibonyezwa. Ya pili ni maumivu ya mwili mzima yakiandamana na dalili sita au zaidi zinazojirudia, kama uchovu, kuamka bila kupumzika, au kichwa kisichoshika kumbukumbu. Katika njia zote mbili daktari aonyeshe kwamba alichunguza magonjwa mengine yanayofanana na haya na kuyaondoa. Kwa hiyo yale majibu safi ya damu yaliyokukatisha tamaa yanafanya kazi kwa faida yako. Yaombe, yatunze.

Kosa linaloangusha wengi ni barua ya daktari yenye mstari mmoja: "Mgonjwa huyu hawezi kufanya kazi." Kwa maombi yaliyofunguliwa tangu Machi 27, 2017, kauli kama hiyo haina uzito, kwa sababu uamuzi wa nani hawezi kufanya kazi ni wa mamlaka. Mwombe daktari aandike vitu vinavyopimika. Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa akihudumia wazee. Barua yenye nguvu itasema kwamba anaweza kusimama dakika 15 kisha lazima akae. Asiinue zaidi ya pauni 10. Baada ya shughuli ya nusu saa huzidiwa kesho yake na kulala karibu siku nzima. Kwa mwezi zipo siku nne au tano asizotoka kitandani. Kisha daktari aunganishe kila kizuizi na alichokiona kwenye uchunguzi. Kuzidiwa huko kunakokuja saa nyingi baada ya kujishughulisha ndiyo alama kubwa ya ME/CFS, na kwenye rekodi nyingi haipo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tusijikaze mbele ya daktari

Hapa pana jambo letu wenyewe. Tumelelewa kujikaza. Daktari akiingia na kuuliza hali, tunajibu kwamba tunamshukuru Mungu, tunaendelea vizuri, ndipo tuanze kueleza yaliyotuleta. Wakati huo yeye ameshaandika: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Miezi minane baadaye mstari huo husomwa na afisa asiyekujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye mafao, linalomuumbua ni faili lake. Msalimie daktari kwa heshima zako zote, kisha mweleze siku yako mbaya kabisa ya mwezi ule na ilikupata mara ngapi. Siku nzuri nazo zitaje. Mwongozo wa fibromialjia wenyewe unakiri kwamba dalili hupanda na kushuka, na kwamba faili lisomwe kwa mfululizo wa muda mrefu.

Kama uliacha dawa au hukurudi kliniki kwa sababu ya gharama, sema hivyo na uhakikishe imeandikwa. Kushindwa kumudu gharama ni sababu inayokubalika. Kukaa kimya husomeka kama mtu aliyepona.

Fomu ya shughuli za kila siku

Baada ya kuomba utaletewa fomu inayouliza unavyoishi: unapika, unaoga, unafanya manunuzi, unakwenda wapi? Ukijibu tu "napika", msomaji ataona mtu aliyesimama jikoni akisonga ugali wa watu sita. Andika ukweli wote: nachemsha mayai nikiwa nimekaa, mara mbili kwa wiki, kisha najilaza, siku nyingine anapika binti yangu. Ukienda kanisani au msikitini, andika kwamba unakaa nusu saa, unarudishwa na jirani, na kesho yake hushuki kitandani. Usiongeze chumvi, kwa sababu maelezo yako yatalinganishwa na faili la kliniki na ya mtu mwingine anayekufahamu.

Ukihisi unatiliwa shaka kama mwongo, jua kwamba tangu mwaka 2016 mwongozo SSR 16-3p unawakataza maafisa kupima tabia ya mwombaji. Wanachopaswa kupima ni kama maumivu na uchovu unaoueleza vinaendana na ushahidi wote uliomo.

Mkalimani ni haki yako

Social Security inatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ofisini, kwa simu na mbele ya jaji. Omba mapema na useme unatoka wapi, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vina tofauti zinazoweza kupotosha maelezo. Usimtumie mtoto wako. Mama hawezi kusimulia hedhi, kinyesi au machozi ya usiku kupitia kinywa cha kijana wa miaka 13, na yaliyorukwa hayataingia kwenye faili. Kama hukuelewa swali, sema hukuelewa. Kutikisa kichwa kwa adabu kutaandikwa kama ndiyo.

Mamlaka inaweza pia kukutuma kwa daktari wake, kwa gharama yake. Nenda. Kukosa bila sababu kunaweza kufanya ombi likataliwe, hata kama ushahidi wako mwingine ni mzuri.

Ukikataliwa

Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida na si mwisho wa safari. Una siku 60 za kukata rufaa tangu upokee barua, na huchukuliwa kwamba ilikufikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ngazi ni nne: ombi kuangaliwa upya, shauri mbele ya jaji wa mamlaka, Baraza la Rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Usifungue ombi jipya badala ya rufaa. Ukifanya hivyo unaweza kupoteza malimbikizo ya miezi yote ya nyuma, na kama bima yako ya SSDI imeshaisha, unaweza kupoteza haki yenyewe.

Ngazi ya jaji ndiyo yenye thamani kubwa kwa ugonjwa unaobishaniwa, kwa kuwa ndipo mtu anayeamua anapokusikia ukizungumza. Ushahidi mpya uwasilishwe angalau siku tano za kazi kabla ya shauri. Kwa kawaida huwapo mtaalamu wa ajira. Wakili wako amuulize: mfanyakazi anayekosa kazi siku nne kila mwezi, au anayelazimika kulala saa moja katikati ya zamu, ataajiriwa na nani? Jibu lake huweza kuamua shauri zima.

Ada ya wakili isikutishe. Katika mkataba wa kawaida analipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo, na tangu Novemba 30, 2024 isizidi dola 9,200. Ada yake lazima iidhinishwe na mamlaka. Anayekudai fedha taslimu mkononi ili "akupitishie" ombi, mkimbie. Mashirika ya msaada wa sheria hayatozi chochote. Piga 211 uulize lililo karibu nawe.

La kufanya wiki hii

Piga 1-800-772-1213, omba mkalimani wa Kiswahili, sema unataka kuomba mafao ya ulemavu. Kwa SSI, tarehe ya simu hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa tarehe ya ombi, mradi ukamilishe fomu ndani ya siku 60 utakazopewa kwa barua. SSI hailipi miezi ya kabla ya kuomba. SSDI inaweza kulipa hadi miezi 12 ya nyuma, ila miezi mitano kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi. Ukishakata simu, omba kliniki nakala ya faili lako lote, umtafute mtu akusomee kinachosema kukuhusu. Palipoandikwa kwamba unaendelea vizuri, weka alama, na uanze na hapo kwenye miadi inayofuata.