Oili ya Injini: Kazi ya Dakika Kumi na Hasara Zake

Wilaya ya Ngara, katika mkoa wa Kagera, ni nchi ya vilima. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Lusahunga na Nyakahura wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara. Mengine huelekea Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, mengine Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Hadi kufika huko injini zake zimekwisha kwenda zaidi ya kilomita 1200. Huko Nyamiaga, jirani na mji wa Ngara, pikipiki nazo hupanda na kushuka vilima kutwa nzima zikiwa na abiria wawili, au na mkungu wa ndizi nyuma ya abiria mmoja.

Kando ya barabara za namna hii hapakosi fundi aliye tayari kumwaga oili chakavu na kutia mpya wakati dereva anakunywa chai. Kazi yenyewe huonekana nyepesi: fungua nati, mwaga, funga nati, badili filta, jaza. Hata hivyo injini nyingi hufa siku ile ile, au siku chache tu, baada ya kubadilishiwa oili. Kwa kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, injini ikifa mapato hukatika, lakini deni hubaki pale pale.

Haraka hii si ya mafundi wa vijijini peke yao. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1970, yalienea maduka yaliyoahidi kubadilisha oili kwa dakika 10. Mwaka 2006 waandishi wa televisheni huko Los Angeles, wakitumia kamera zilizofichwa, walionyesha baadhi ya maduka hayo yakiwatoza wateja fedha kwa kazi ambazo hazikufanywa kabisa. Huko mlikuwa na udanganyifu wa makusudi. Mara nyingi zaidi hakuna mwizi yeyote. Kuna fundi aliyeharakishwa, na kwa haki aliyemharakisha ni mwenye gari mwenyewe.

Ili kuelewa kinachoharibika, yafaa kujua kwanza oili inafanya nini. Wengi husema kwamba oili hulainisha vyuma vinavyosuguana. Ukweli ni kwamba katika injini nzima vyuma vikuu havitakiwi kugusana hata kidogo. Jambo hili liligunduliwa kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1883 mhandisi wa Kiingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza msuguano katika beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kudondoshea oili. Mtambo ulipozunguka, oili haikuingia bali ilipanda na kumwagika nje kupitia tundu lile. Tower aliliziba kwa koki. Koki ikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, sindano ilipita pauni 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wa wastani uliokuwa juu ya beringi ulikuwa pauni 100 tu kwa inchi hiyo.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu. Mhimili unaozunguka huburuta oili na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, mfano wa kabari. Oili ikibanwa hapo hupata kanieneo kubwa, nayo ndiyo inayobeba mhimili juu juu. Katika injini ya gari utando huo wa oili una unene wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Unywele wa binadamu hufika sehemu 50 hadi 100 za namna hiyo. Utando ukikosa oili ya kuujaza, krenkishafti hugusa beringi, chuma laini cha beringi huyeyuka, na injini hunoki. Hapo hakuna fundi awezaye kuirudisha kwa kuongeza oili.

Sasa yatazamwe makosa yenyewe, kwa kuanza na nati ya sampu, yaani ile nati iliyo chini ya karai la oili. Katika magari madogo mengi nati hii hutakiwa kukazwa kwa momenti ya nyutoni-mita 25 hadi 40 hivi. Fundi anayeshika spana yenye urefu wa mita 0.2 na kuivuta kwa kani ya nyutoni 150 hupata nyutoni-mita 30, na hiyo yatosha. Lakini fundi mwenye haraka, akiogopa kulaumiwa kwamba hakukaza, huchomeka bomba kwenye spana hadi ifike mita 0.6. Kwa kani ile ile sasa anapata nyutoni-mita 90. Sampu nyingi ni za aluminiamu, chuma laini kuliko nati, kwa hiyo hesi zake hukatika. Nati huonekana imekaza. Kumbe imeshikwa na vipande vya hesi, na mtikisiko wa barabara ya mawe utamaliza kazi iliyobaki. Anayeisahau bila kuikaza na anayeikaza kwa bomba hufika mahali pamoja, ila wa pili huchelewa kidogo. Kadhalika ile wosha laini ya shaba au aluminiamu hubonyea ili kuziba. Ikirudishwa mara ya tatu na ya nne huwa haina tena cha kubonyea.

Kosa la filta ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Filta ya kuzungusha ina gasketi ya mpira. Mara nyingine filta kuukuu inapofunguliwa, gasketi yake hubaki imenata kwenye injini. Fundi asiyepitisha kidole wala kitambaa pale hufunga filta mpya juu ya gasketi kuukuu, mpira juu ya mpira. Gari huwaka vizuri na sakafu ni kavu. Lakini pima kani iliyopo: gasketi yenye kipenyo cha milimita 60 huzunguka eneo la meta mraba 0.0028 hivi. Kanieneo ya oili ikiwa kilopaskali 400, filta inasukumwa kwa kani ya nyutoni 1130, sawa na uzito wa kilo 115. Hesi za filta zaweza kuhimili kani hiyo, lakini mipira miwili iliyopakwa oili huteleza, na mmoja hufyatuka nje ya mahali pake.

Pampu ya oili ya gari dogo likienda kasi huweza kusukuma lita 20 kwa dakika, nayo sampu ina lita 4. Ikiwa robo tu ya oili hiyo inapita kwenye ufa, lita 4 humalizika kwa sekunde 48. Gari lendalo kilomita 60 kwa saa litakuwa limekwenda mita 800, yaani halijamaliza mteremko aliouanza dereva akiwa ametulia. Taa nyekundu ya oili itawaka, lakini kumbuka kwamba taa hii huonyesha kanieneo, haionyeshi kiasi. Huwaka wakati pampu imekwisha kuvuta hewa. Anayesema "nitasimama pale juu penye duka" huwa ameshachelewa.

Kipimo cha oili nacho kina shida yake katika nchi ya vilima. Dereva akiegesha gari mahali panapopanda mita 1 kwa kila mita 10, na sampu ina urefu wa sentimita 40, uso wa oili ndani ya sampu hutofautiana kwa sentimita 4 kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Katika magari madogo mengi umbali kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia ni sentimita 2 hivi, nao ni sawa na lita moja kwa makadirio. Kwa hiyo mahali pa kuegesha peke yake paweza kuonyesha kwamba oili imepungua lita nzima wakati haikupungua. Fundi huongeza. Krenkishafti sasa huipiga oili iliyozidi kama mama apigaye mayai, ikawa povu. Hewa iliyo ndani ya povu hubanika, na utando wa Reynolds hushindwa kubeba mzigo. Gari lipimwe mahali tambarare, baada ya injini kuzimwa dakika kadhaa ili oili iliyo juu ishuke.

Joto lina nafasi kubwa katika habari hii. Mnato wa oili ya namba 40 ikiwa katika nyuzi 40 za Sentigredi ni kama mara kumi ya mnato wake katika nyuzi 100. Oili ikimwagwa injini ikiwa baridi hutoka taratibu, na sehemu yake nzito, yenye masizi na chembe za chuma, hubaki imeganda chini. Fundi huona mchirizi umekuwa matone akafunga nati. Injini ipashwe moto kwanza, kisha iachwe ipoe kidogo ili isiunguze mikono, na oili iachwe idondoke dakika 10 hadi 15. Muda huo peke yake unapita zile dakika kumi zilizoahidiwa kwa kazi nzima.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo zinatokana na mpango wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, ulioanza mwaka 1911. Oili iliyoandikwa 15W-40 hutiririka kama oili nyepesi injini ikiwa baridi, na hushika mnato wa namba 40 injini ikiwa moto. Wapo madereva waaminio kwamba oili nzito zaidi ni bora zaidi. Asubuhi ya baridi ya vilimani oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi za juu, na dakika za mwanzo baada ya kuwasha ni za kuogopwa.

Hapa inafaa kuwatetea mafundi kidogo. Dereva wa gari la dizeli huchomoa kijiti siku mbili baada ya kazi, akaona oili nyeusi, akarudi kwa hasira kudai kwamba ametiliwa oili kuukuu. Weusi si ushahidi. Oili nzuri huchanganywa na kemikali zinazozishika chembe za masizi na kuzizuia zisigande, kwa hiyo katika injini ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa sababu inafanya kazi yake. Oili isiyobadilika rangi kamwe ndiyo yenye kutia shaka.

Pikipiki zina mambo yake. Injini za pikipiki za kubeba abiria hutumia oili ya lita moja hivi. Katika lori lenye lita 30 na zaidi, upungufu wa mililita 300 si kitu. Katika pikipiki ni karibu theluthi ya oili yote. Mwenye pikipiki anayemwacha fundi abaki na "kidogo cha kwenye kopo" huenda akamwachia beringi zake. Tena katika pikipiki nyingi klachi huoga katika oili ile ile ya injini. Oili za magari zenye kemikali za kupunguza sana msuguano huifanya klachi iteleze: injini inaunguruma mlimani lakini pikipiki haipandi. Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka alama ya JASO MA kwa oili zinazofaa klachi za namna hii, na alama hiyo huandikwa kwenye kopo.

Oili iliyomwagwa pia haijamaliza madhara. Imebeba chembe za metali na mabaki ya mwako ambayo baadhi yake huleta saratani ya ngozi kwa wanaoishika mara kwa mara bila kinga. Wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, na wengine huimwaga mtaroni. Mitaro ya Ngara huteremka kwenye vijito, na vijito huingia Ruvubu na Kagera, mto uingizao maji mengi kuliko mito yote katika Ziwa Victoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka taka za hatari chini ya uangalizi, lakini sheria haifiki chini ya kila mwembe wenye gereji. Pipa lenye mfuniko hufika.

Majaribio mawili yaweza kufanywa shuleni bila vifaa vya gharama. Kwa la kwanza, toboa kopo kwa msumari mwembamba, ziba tundu kwa kidole, tia mililita 200 za oili mpya, kisha pima sekunde zinazopita hadi mililita 100 zitoke. Rudia kwa oili iliyopashwa moto kwa kuweka chupa yake ndani ya maji ya moto. Oili isiwekwe juu ya moto wenyewe. Chora grafu ya muda dhidi ya halijoto. Wanafunzi watashangaa jinsi mstari unavyoporomoka.

Kwa la pili, dondosha tone moja la oili kutoka kwenye kijiti juu ya karatasi ya chujio, na tone la oili mpya pembeni yake. Yaache yalale hadi kesho yake. Oili ambayo bado ina nguvu hutawanya masizi yake taratibu kuelekea nje, rangi ikififia kidogo kidogo. Oili iliyochoka huacha doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, na nje yake pete ya oili tupu. Ukingo wenye meno meno ni dalili ya maji. Matone yakusanywe kutoka pikipiki kadhaa zinazoegeshwa karibu na shule, na kila mwenye pikipiki aulizwe kilomita alizokwenda tangu kubadilisha oili.

Zoezi: (a) Filta ya lori ina gasketi yenye kipenyo cha milimita 100. Tafuta kani inayoisukuma ikiwa kanieneo ni kilopaskali 500. (b) Gari limeegeshwa likielekeza pua juu ya kilima, na kijiti cha oili kiko upande wa mbele wa injini. Je, kitaonyesha oili nyingi au chache kuliko iliyopo? (c) Kwa nini kigingi cha mti cha Tower kilisukumwa nje mhimili ulipozunguka tu, wala si ulipokuwa umesimama?