Bosi wa leo, muuzaji wako wa kesho

*Shangazi, nauza vitenge kwenye duka moja Kariakoo, huu mwaka wa nne. Kila mwisho wa mwezi bosi ananikata shoti nisizozielewa. Nimejifunza kushona jioni, na fundi mmoja wa Temeke ananiita tushirikiane. Jumamosi nikipokea mshahara sirudi tena. Nakosea? – N.J., Mbagala*

Mwanangu N.J., pole. Kusimama kutwa, kushusha na kukunja doti moja baada ya nyingine kwa mteja atakayekuaga kwa "nitapita baadaye", kisha ukatwe hela usiyojua imepoteaje, hata mimi ningechoka. Kutaka kuondoka hukosei. Ninachokikataa ni kutoroka.

Hizo shoti

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu bosi akate atakavyo. Hasara iwe imetokana na kosa lako, akueleze sababu kwa maandishi, akupe nafasi ya kupinga, nawe uridhie kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara. Mwulize kwa adabu, duka likiwa halina wateja. Huenda naye hajui pesa inapopotelea. Hivi ni lini mara ya mwisho mlihesabu mzigo mkiwa wote wawili?

Ukitoroka

Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Usipoitumikia, bosi anaruhusiwa kukata mshahara wa siku hizo kwenye unachomdai. Likizo ambayo hukuichukua ina malipo yake. Utarudi na uso gani kuyadai?

Tena, wiki hiyohiyo likipungua robota moja, litatajwa jina la aliyetoweka. Kariakoo wenye maduka huulizana. Nawe fundi mtarajiwa, vitenge vya kushona utanunua wapi kama si kwao? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Huyo fundi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Cherehani ni za nani? Kodi ya fremu analipa nani? Mnagawana kabla au baada ya kutoa uzi na umeme? Kitambaa cha mteja kikikatwa vibaya, nani anafidia? Andikeni, msaini. Akikwepa karatasi, umeshapata jibu.

Tena kushona kuna misimu. Sikukuu zikikaribia na shule zikikaribia kufunguliwa, hamtalala. Baadaye mtakaa mkitazama barabara. Usiondoke kabla hujaweka akiba ya kodi ya chumba na chakula cha miezi mitatu. Pitia NSSF uone kama michango yako ilipelekwa, na uulize namna ya kuendelea kuchangia ukiwa umejiajiri.

Fanya hivi

Akiba ikitimia, andika barua ya notisi nakala mbili, moja bosi asaini ubaki nayo. Ndani ya notisi, jioni na siku zako za mapumziko nenda kwa fundi ujionee kazi inavyoingia.

Siku ya mwisho hesabuni mzigo pamoja. Kabidhi funguo na daftari la wadeni, kila deni na jina lake, kisha msaini wote. Dai mshahara uliobaki, malipo ya likizo na cheti cha utumishi. Akikatalia haki yako, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana madai yana muda wake.

Mkishamalizana, mwombe akuuzie vitenge kwa bei ya jumla. Miaka minne umejifunza kitenge kipi kinachuja na kipi mteja hukirudia. Mafundi wengi hawana ujuzi huo. Bosi aliyekabidhiwa duka lake bila pengo anaweza hata kukukopesha doti za kuanzia. Aliyekimbiwa hatakufungulia hata mlango.

Shangazi yako