Kabla Hamjawasha Injini: Vidokezo vya Msafara Hadi Swakopmund

Mmeamua kutoka Livingstone, Zambia, mkate Botswana yote mpaka mkaione Atlantiki huko Swakopmund, Namibia. Magari matano, watu kumi na watano. Safi sana. Magari yatafika, wasiwasi wangu uko kwa hao kumi na watano.

1. Gari la polepole litangulie. Najua mwenye injini kubwa atanuna, na anune. Fundi, spana na kamba ya kuvutia vikae gari la mwisho, maana gari likiharibika huachwa nyuma, haliendi mbele. Kisha sheria moja isiyo na mjadala: kwenye njia panda, dereva hakati kona mpaka amwone anayemfuata. Jangwani simu hazishiki mtandao. Kioo cha pembeni hakihitaji vocha.

2. Makaratasi yashikwe na mtu mmoja mwenye roho ngumu. Kadi halisi za magari, na kwa gari la kuazima, barua ya mwenyewe yenye muhuri. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inatambulika Zambia na Zimbabwe, lakini mkiingia Botswana haiwasaidii. Huko mnalipia upya mpakani. Siku hizi mnavuka Zambezi kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021. Lina urefu wa mita 923 na limepinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Zamani hapo mlikuwa mnasubiri kivuko na kuhesabu malori.

3. Kuleni nyama mapema. Botswana ina uzio wa mifugo wa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Mkitoka Maun kushuka Ghanzi mnafika geti la ukaguzi, na nyama mbichi ya ng'ombe haipiti. Nimeona msafara mzima umeegesha kando ya barabara, watu wazima wanachoma kilo sita saa tatu asubuhi kwa uchungu, kwa kuwa mmoja wao alisema "watatuelewa." Namibia nayo ina uzio wake.

4. Jua likizama, mmeshafika. Kati ya Kazungula na Nata tembo hawasubiri zamu, na punda wa Botswana hulala juu ya lami. Namibia kuna tandala, na tandala hurukia taa.

5. Chumvi ya Makgadikgadi ni ya kutazama kwanza. Palikuwa na ziwa kubwa, likakauka, likaacha uwanda mweupe usio na mwisho. Juu pamekauka kama chapati, chini ni tope. Msimu wa mvua msithubutu. Kiangazi fuateni njia zenye alama za matairi, na msishindane kupiga picha za kuteleza. Gari la tani mbili likizama ekseli, hiyo ni siku nzima ya koleo na lawama. Jabali la Lekhubu na mibuyu yake litawasubiri.

6. Upepo wa matairi. Barabara za kokoto za Namibia zina vimatuta vilivyopangana kama migongo ya bati. Punguzeni upepo kidogo, mwendo uwe kati ya 60 na 80, taa ziwake, na achaneni nafasi mpaka vumbi la aliyetangulia litue. Bebeni pampu, na spea mbili kwa kila gari. Mafuta jazeni kila kituo, hata kama tangi liko nusu.

7. Pesa ya pamoja, mweka hazina asiye na aibu ya kudai. Randi inapokelewa Namibia sawa kwa sawa, lakini dola ya Namibia imalizeni huko huko.

8. Salamu kwanza. Kwenye kizuizi cha polisi Botswana, teremsha kioo useme "dumela, rra" kwa mwanamume au "dumela, mma" kwa mwanamke, ndipo utoe leseni.

9. Badilishaneni viti kila asubuhi. Anayekoroma ana hema lake.

10. Mkitoka Windhoek, msinyooke na lami kwenda pwani. Zungukeni kupitia Solitaire, kituo cha mafuta kilicho peke yake jangwani na maarufu kwa pai ya tufaha. Watakaofika kwanza waagizie wote, na kipande kikubwa kiwekwe kwa ajili ya gari la mwisho. Limekula vumbi la magari manne tangu Kazungula.